Filamu za nyimbo za kale: Mwenye mali alikuwepo, mtunzaji hakuwepo

Mtoto anayetazama filamu ya nyimbo kwenye simu ya mama yake ana hakika ya jambo moja: kila kilichowahi kurekodiwa kipo mahali fulani, na kikitafutwa kitapatikana. Wazazi wengi nao wanaamini hivyo hivyo. Video ya harusi ipo, picha za ubatizo au za akika zipo, sauti ya marehemu babu ipo. Simu inatunza.

Historia ya filamu za kwanza za nyimbo za Hollywood inasema vingine. Zilitengenezwa na kampuni kubwa, zikajaza kumbi za sinema, zikawa na wanasheria wa kuzilinda zisiibwe. Hata hivyo baadhi ya zile zilizovuma sana hazipo tena. Nyingine zimebaki sauti tupu. Nyingine zimebaki picha, lakini rangi yake imekwenda.

Ndiyo, rangi. Watu hudhani kila filamu ya miaka ya 1920 ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 1929 tayari kulikuwa na filamu ndefu za nyimbo zilizopigwa kwa rangi mwanzo hadi mwisho. Sababu inayofanya watu wasijue ni kwamba karibu hakuna aliyebaki na nakala za kuwaonesha.

Kisa chake kinamfaa mzazi wa leo kwa sababu mbili. Kwanza, filamu kadhaa za kipindi kile sasa ziko huru kutazamwa, na zipo zinazofaa familia. Pili, makosa yaliyozipoteza ndiyo yanayofanyika majumbani leo, kwenye droo za kabati na kwenye simu zilizopasuka vioo.

Wimbo ulikaa kwenye santuri

Oktoba 6, 1927, jijini New York, kampuni ya Warner Bros. ilionesha kwa mara ya kwanza The Jazz Singer, mwimbaji akiwa Al Jolson. Haikuwa filamu ya kwanza kuwa na sauti. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeonesha Don Juan ikiwa na muziki uliorekodiwa. Lakini safari hii watu walimsikia mtu akiimba na kuzungumza maneno kadhaa mbele yao, ingawa sehemu kubwa ya filamu ilikuwa bado bubu.

Sauti ile haikuwa kwenye mkanda wa picha. Mfumo wake, ulioitwa Vitaphone, uliiweka kwenye santuri kubwa yenye upana wa karibu sentimita 40. Kila santuri ilibeba sauti ya roli moja ya mkanda, dakika 10 au 11 hivi. Fundi wa sinema alipanga mkanda kwenye projekta, akaweka sindano kwenye alama iliyo karibu na kitovu cha santuri, kwa kuwa ilipigwa kutoka ndani kwenda nje, kisha akawasha vyote kwa pamoja.

Mkanda ukikatika, kazi ilikuwa kubwa. Picha zilizoharibika zililazimika kuzibwa kwa picha nyeusi za idadi ileile, la sivyo mwimbaji angefumba mdomo huku wimbo ukiendelea.

Santuri nayo ilichakaa. Lebo yake ilikuwa na visanduku vya kuwekewa alama kila inapopigwa. Ikifika mara 20 hivi, ilipaswa kubadilishwa.

Kwa hiyo filamu moja ilikuwa vitu viwili vilivyokaa kwenye masanduku mawili. Picha ikipotea, sauti ingeweza kubaki, na sauti ikipotea, picha ingebaki bubu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni zilihamia kwenye sauti iliyochapwa kwenye mkanda wenyewe, na santuri zikaachwa kwenye kumbi, kwenye maghala na majumbani mwa watu.

Kusikia bila kuona

Gold Diggers of Broadway ya mwaka 1929 ilikuwa filamu ya rangi iliyowavutia watu wengi sana. Ndani yake mwimbaji Nick Lucas aliimba wimbo kuhusu maua ya tulipu ambao ulisambaa kila mahali. Leo santuri zake zote zipo, hivyo sauti yake ni kamili. Picha zilizobaki ni vipande, hasa vya mwishoni. Mtu anaweza kuisikiliza karibu yote kama mchezo wa redio, kisha ukaribiapo mwisho anaona wachezaji, mavazi na rangi.

The Rogue Song ya kampuni ya MGM, ya mwaka 1930, ilimpa mwimbaji wa opera Lawrence Tibbett nafasi ya kushindania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Ndani yake walikuwemo pia wachekeshaji Laurel na Hardy, wale wawili, mnene na mwembamba, wanaojulikana hadi leo. Sauti ipo. Picha ni vipande tu.

On with the Show! ya mwaka 1929 ina hasara ya aina nyingine. Warner Bros. iliitangaza kuwa ya kwanza kuzungumza yote na kuwa na rangi yote. Humo aliimba Ethel Waters, mwanamke Mweusi ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa Marekani. Filamu ipo nzima, lakini kwa nakala nyeusi na nyeupe. Rangi yake imebaki kwenye vipande vifupi mno.

Hata ushindi haukusaidia. The Broadway Melody, iliyotwaa Oscar ya filamu bora, ilikuwa na sehemu moja ya rangi. Filamu ipo, ila sehemu ile inatazamwa leo bila rangi yake.

Akiba iliyooza

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya filamu za zamani iliozea ghalani.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikanda ya sinema ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Ilitoa picha nzuri sana, lakini ilikuwa na hatari mbili. Ya kwanza ni moto. Nitrati ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake, hivyo huendelea kuwaka hata ikizamishwa kwenye maji. Julai 1937, wakati wa joto kali, ghala la filamu za Fox lililokuwa Little Ferry, jimbo la New Jersey, liliwaka na kuteketeza sehemu kubwa ya kazi za awali za kampuni hiyo. Mtu mmoja alipoteza maisha. Mwaka 1965 ghala la MGM nalo liliungua.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Kwenye joto na unyevu, mkanda wa nitrati hufifia, hunata, hutoa mapovu, na mwisho hugeuka unga wa kahawia. Gesi inayotoka wakati wa kuoza, ikikosa pa kutokea ndani ya kopo, huharakisha uharibifu. Kopo likifunguliwa baada ya miaka 30, huenda nje kuna jina la filamu na ndani hakuna filamu.

Hata hivyo moto na unyevu si washtakiwa pekee. Mwaka 1930 watazamaji walikuwa wameshachoshwa na wingi wa filamu za nyimbo. Baadhi ya zile zilizokuwa bado hazijatoka zilikatwa nyimbo zake ili ziuzike kama vichekesho vya kawaida. Filamu ya nyimbo ilipopata tena nguvu mwaka 1933 kwa 42nd Street, zile za 1929 zilionekana zimepitwa na wakati. Kamera zake zilikuwa zimetulia mahali pamoja, sauti zilikwaruza, mavazi yalikuwa ya jana.

Siku hizo hakukuwa na televisheni majumbani wala mikanda ya video. Filamu ikimaliza mzunguko wa kumbi za sinema, biashara yake imekwisha. Kuihifadhi ni gharama ya ghala, bima na ulinzi. Kuiyeyusha kulileta fedha kidogo, maana mkanda una madini ya fedha yanayoweza kutolewa na kuuzwa.

Rangi ilipata pigo la ziada. Mfumo wa Technicolor wa wakati ule ulitumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Katika miaka ya 1930 kampuni hiyo ilihamia kwenye rangi tatu. Mikanda ya awali ya mfumo wa zamani ikawa haina kazi machoni pa mabosi, na mingi ikatupwa. Televisheni ilipokuja na kuhitaji filamu za zamani za kujaza saa, ilikuwa bado haina rangi, hivyo nakala zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Filamu ikaokolewa, rangi ikaachwa.

Ukubwa wa hasara unaonekana kwa ndugu zake, filamu bubu. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu karibu filamu ndefu 11,000 za bubu zilizotengenezwa nchini humo. Zilizobaki kamili katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu.

Sheria inasema nani anaruhusiwa, haisemi nani atunze

Hapa ndipo hakimiliki inapoingia, na ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mtu akisikia filamu ina hakimiliki, hudhani kuna mtu anaitunza. Si lazima. Hakimiliki humpa mwenyewe haki ya kunakili, kuonesha na kuuza, na kuwazuia wengine wasifanye hivyo. Haimlazimishi kufungua kopo kuangalia kama mkanda unaoza.

Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu ililindwa kwa miaka 28, na mwenyewe alipaswa kuhuisha haki yake ili apate kipindi cha pili. Baadaye muda uliongezwa mara kwa mara. Sheria ya mwaka 1998 iliufikisha miaka 95 tangu filamu kutolewa kwa kazi za kipindi hicho. Kwa sababu hiyo, kwa miaka 20 milango ilifungwa, hadi Januari 1, 2019 kazi za zamani zilipoanza tena kuingia kwenye mali ya umma, kundi moja kila mwaka mpya.

The Jazz Singer iliingia Januari 1, 2023. Filamu za 1929, ikiwemo The Broadway Melody, ziliingia Januari 1, 2025. Za 1930 ziliingia Januari 1, 2026.

Gold Diggers of Broadway nayo ilikuwa kwenye kundi la 2025. Kisheria, haki iliyokuwa imefungwa kwa miaka 95 sasa ni ya kila mtu. Lakini hakuna filamu nzima ya kunakili. Sheria ilihesabu miaka 95, na nitrati haikusubiri.

Zipo filamu zilizokuwa huru mapema kwa uzembe wa wenyewe. Till the Clouds Roll By ya 1946 na Royal Wedding ya 1951, zote za MGM, hazikuhuishwa haki zake kwa wakati. Kila aliyetaka akazinakili na kuziuza. Ndiyo maana Royal Wedding, ile ambayo Fred Astaire anacheza ukutani na kwenye dari, inapatikana kila kona. Shida ni kwamba nakala nyingi kati ya hizo ni mbovu, za kunakili kilichonakiliwa. Mali ya umma humpa mtu ruhusa tu; nakala nzuri hubaki kwa aliyehifadhi mkanda wa awali.

Upande wa pili kuna filamu zilizohifadhiwa lakini hazikuoneshwa. Filamu ya nyimbo si mali ya mtu mmoja. Kuna aliyeandika mchezo wa jukwaani, kuna mtunzi wa nyimbo, kuna kampuni iliyopiga picha, na kila mmoja ana funguo yake. Animal Crackers ya mwaka 1930, kichekesho chenye nyimbo cha ndugu wa Marx, ilikaa kabatini kwa miaka mingi kwa sababu mkataba na waandishi wa mchezo wa awali ulikuwa umekwisha. Ilirudi kwenye kumbi mwaka 1974, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu mjini Los Angeles kufanya kampeni ya kukusanya saini.

Show Boat ya mwaka 1936 ilifichwa kwa sababu ya ushindani. MGM ilinunua haki zake ili itengeneze toleo jipya, lililotoka 1951, na ile ya zamani ikaondolewa machoni pa watu kwa miongo kadhaa. Humo aliimba Paul Robeson, mwimbaji na mwanaharakati Mweusi ambaye katika miaka hiyo ya 1930 alisoma lugha za Kiafrika jijini London, Kiswahili kikiwemo. Vizazi kadhaa vya watazamaji vilikua bila nafasi ya kumwona katika filamu hiyo.

Waliofufua

Zilizorudi zilirudi kwa sababu kuna mtu, mara nyingi asiye na haki yoyote juu yake, aliyekataa kutupa.

Mwaka 1991 wapenzi wachache wa santuri na filamu za zamani nchini Marekani walianzisha kikundi kilichoitwa The Vitaphone Project. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kutafuta santuri za filamu zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi, kisha kuulizia ni hifadhi gani ina picha bubu za filamu hizo. Maktaba ya Bunge na hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, zilikuwa na mikanda isiyo na sauti. Watu binafsi walikuwa na sauti zisizo na picha. Waliorodhesha maelfu ya santuri, na filamu fupi nyingi zilizokaa bubu kwa zaidi ya miaka 60 zikaimba tena.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kile kilikuwa, kwanza kabisa, daftari.

Mfano mkubwa wa ukarabati ni King of Jazz, filamu ya Universal ya mwaka 1930 iliyojengwa juu ya bendi ya Paul Whiteman. Ilikuwa ya rangi yote, yenye mapambo makubwa, na ndani yake kijana Bing Crosby alionekana katika filamu ndefu kwa mara ya kwanza. Ilianza na katuni fupi ya rangi. Kwa kuwa mfumo wa rangi mbili haukuweza kutoa bluu halisi, na wimbo wake mkubwa ulitaja bluu kwenye jina, mafundi walitafuta mchanganyiko uliokaribia, wakapata kitu cha kati ya bluu na kijani.

Filamu hiyo haikulipa gharama zake. Mwaka 1933 ilikatwa sana ili irudishwe sokoni ikiwa fupi. Warekebishaji walipoishika karne hii, walianza na mkanda wa awali ambao ulikuwa umekatwa, wakatafuta nakala nyingine za nitrati zilizobaki ili kujaza mapengo, wakazipiga picha kwa kompyuta, fremu kwa fremu. Kisha wakaondoa mikwaruzo na kulinganisha rangi. Pale ambapo picha hazikupatikana kabisa, waliweka picha mnato. Mwaka 2016 ilioneshwa tena ikiwa karibu na urefu wake wa mwanzo.

Hakuna aliyedanganya kwamba kila kitu kimerudi. Ukarabati mzuri huonesha pengo lilipo.

Kutazama pamoja na watoto

Mzazi anayetaka kuonja filamu hizi anaweza kuanza na Royal Wedding. Ni nyepesi, dansi zake ni za ajabu, na mtoto atauliza mwenyewe mtu anawezaje kucheza kwenye dari. Jibu ni kwamba chumba kizima kilizungushwa pamoja na kamera, naye Astaire akawa anahama taratibu kutoka sakafuni kwenda ukutani. Filamu hiyo ipo kwenye tovuti ya Internet Archive bila malipo. Inafaa kulinganisha nakala mbili tatu kabla ya kupakua, ili data isiishie kwenye nakala yenye ukungu.

Ikumbukwe kwamba uhuru uliotajwa hapa ni wa sheria ya Marekani. Kila nchi ina muda wake. Kutazama nyumbani na familia ni jambo moja. Kuonesha ukumbini kwa kiingilio au kupakia upya kwenye ukurasa wa biashara ni jambo jingine. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, ndizo za kuulizwa.

Kuna jambo zito zaidi. Katika The Jazz Singer, Al Jolson anajipaka rangi nyeusi usoni ili aigize mtu Mweusi, kama ilivyokuwa desturi ya majukwaa ya Marekani wakati ule. Filamu nyingi za kipindi hicho zina kitu cha namna hiyo. Hata King of Jazz, kwenye onesho lake la mwisho, inawaonesha watu wa Ulaya wakichangia kuzaliwa kwa muziki wa jazz, na Waafrika hawamo kabisa, ilhali muziki huo ulitoka kwa Wamarekani Weusi.

Mtoto asiachwe aone hayo peke yake kwenye simu. Mzazi akae naye, asimamishe filamu, amuulize: huyu anamcheka nani? Kwa nini mwenye muziki wake hayumo? Mtoto wa miaka 10 anaweza kujibu maswali hayo vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani.

Kisha amuoneshe upande wa pili. Hallelujah ya mwaka 1929, iliyoongozwa na King Vidor, ina waigizaji karibu wote Weusi, akiwemo Nina Mae McKinney aliyekuwa binti mdogo tu wakati huo. Nayo ina kasoro za zama zake, na kwa sababu ya mambo ya mapenzi na mauaji yaliyomo inafaa vijana, si watoto wadogo. Lakini sauti na nyuso ni za wenyewe.

Kabati la nyumbani

Filamu maarufu kuliko zote kuhusu kipindi kile ni Singin' in the Rain ya mwaka 1952, inayosimulia jinsi Hollywood ilivyohangaika sauti ilipoingia. Mkanda wake wa awali uliungua mwaka 1978, moto ulipozuka kwenye hifadhi iliyoko Rochester, New York. Lakini filamu yenyewe inatazamwa hadi leo, tena ikiwa imesafishwa vizuri, kwa sababu nakala nyingine bora zilikuwa zimetengenezwa kutokana na mkanda ule kabla haujaungua.

Tofauti kati yake na Gold Diggers of Broadway si umaarufu, wala mwanasheria. Tofauti ni nakala.

Familia nyingi leo zina mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi na hazina tena deki ya kuuchezea. Zina kaseti yenye sauti ya bibi akisimulia au ya kwaya ya kijiji. Zina CD ya mahafali iliyokwaruzika, na simu ya zamani isiyowaka ambayo ndani yake mtoto anatambaa kwa mara ya kwanza. Kila kimoja kati ya hivyo kina mwenyewe. Vichache vina mtunzaji.

Hatua za kuchukua si nyingi. Kilicho kwenye kaseti na VHS kihamishwe mapema, maana mashine za kuchezea zinaisha haraka kuliko mikanda, na mafundi wanaojua kuzitengeneza wanazeeka. Katika miji mingi wapo wapiga picha wa harusi wenye vifaa vya kuhamisha. Mkanda wenyewe usitupwe baada ya hapo, kwani nakala ya haraka ikitoka vibaya, wa awali bado utahitajika. Hilo ndilo lililozimaliza rangi za 1929: nakala ilionekana inatosha, ya awali ikaachwa.

Kila video muhimu iwe mahali pasipopungua pawili: kwenye simu na kwenye diski ya nje, au kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kwa shangazi anayeishi mkoa mwingine. Simu moja ikiibiwa au nyumba ikiingia maji, nyingine inabaki. Kutumiana kwenye kundi la WhatsApp hakutoshi, maana kwa kawaida programu hiyo huibana video ikapoteza ubora, na mtu akibadilisha simu huenda asiipate tena.

Majina yaandikwe. Faili linaloitwa kwa namba peke yake ni sawa na kopo lisilo na lebo. Jina la tukio, mwaka, mahali na waliopo vinatosha. Kazi hiyo ifanyike wakati bado kuna mtu anayewatambua wote, na mara nyingi mtu huyo ni bibi.

Familia pia ikubaliane nani ana ruhusa ya kuweka nini hadharani. Picha ya mtoto akioga si mali ya umma kwa sababu tu iko kwenye simu ya mjomba. Na awepo mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mtunzaji, hata kama ni kijana wa kidato cha pili. Kijana huyo akipewa daftari na diski, atashangaza wengi.

Pa kuanzia ni swali moja, linaloweza kuulizwa Jumapili hii baada ya chakula: mkanda wa harusi ya baba na mama uko kwa nani, na mara ya mwisho ulichezwa lini?